Mwaka Tuliofunga Malka

Siku redio ilipotangaza kwamba nchi yetu na jirani zetu wawili zimevunja jumuiya yao, nilikuwa nimekaa hotelini pale Garsen nikingoja chai. Wanaume waliokuwapo wakaanza kubishana papo hapo. Mmoja alisema sasa tutapumua, tulikuwa tukiwabeba wenzetu mgongoni. Mwingine akauliza mabehewa ya reli yatagawanywaje, na ndege, na meli za ziwani, utadhani aliwahi kupanda hata moja. Wa tatu akataka mpaka ufungwe kabisa tuone nani atalia kwanza. Nilitamani kumwambia kwamba mimi namjua anayelia kwanza, maana nilimzaa. Lakini mwanamke mzima hasimami hotelini akaanza kufokea watu asiowajua. Nilimaliza chai yangu nikaenda zangu.

Mimi nilishaona jumuiya ikivunjwa. Haikuwa ya nchi tatu, ilikuwa ya kijiji kimoja cha wakulima na kambi za wafugaji, miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatutawala. Ila maneno yalikuwa yale yale, hata hilo la kubebana mgongoni.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa mto Tana, kati ya Hewani na Ngao. Sisi ni Wapokomo, watu wa jembe na mtumbwi. Nyuma ya mashamba yetu kuna ukanda wa msitu, na nyuma ya msitu inaanza mbuga ya Waorma na ng'ombe wao. Mvua ikinyesha mbugani, Waorma wananywesha kwenye mabwawa huko huko, wala hatuwaoni. Kiangazi kikikaza, mabwawa yanakauka, na ng'ombe hawana pengine pa kunywa ila mtoni. Na mtoni kote kuna mashamba yetu. Ndiyo maana tangu enzi za mababu iliachwa njia pana katikati ya mashamba, kutoka mbugani mpaka majini. Njia hiyo inaitwa malka.

Malka haikuwa ya bure. Wao walipata maji, sisi tukapata maziwa na samli, na samadi iliyobaki njiani tukaizoa kwa vikapu. Mahindi na ndizi zetu wao ndio walikuwa wanunuzi. Wakati wa kiangazi wazee wao waliketi na wazee wetu baraza moja, na ng'ombe akiingia shambani kesi iliamuliwa na pande zote mbili. Tena kila nyumba ya kwetu ilikuwa na nyumba yake ya kwao, urafiki unaorithiwa. Sisemi tulipendana sana. Sisi tuliwaita watu wanaolala na ndama, nao walituita watu wanaolala na vyura. Tulitaniana hivyo kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwa kuwa Kipokomo hawakijui na Kiorma kinatushinda, na mambo yalikwenda.

Mwaka ninaousema nilikuwa mke mdogo wa miaka, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Alipewa jina la baba mkwe wangu kama ilivyo desturi, na mzee akawa hapiti mlangoni bila kuchungulia. "Mimi mwingine amelala?" anauliza, kisha anacheka peke yake.

Nilipotoka uzazini nikashikwa na homa kali. Ziwa moja likafanya jipu, la pili likakauka. Mama mkwe alinikanda kwa majani, akanipikia mchuzi wa kambare, akaniombea, lakini wapi. Tulimpeleka mtoto kwa mtumbwi hadi hospitali ya misheni pale Ngao, na mkunga akatuambia wazi: apewe maziwa ya ng'ombe, yachemshwe, yapunguzwe kwa maji, na kingine chochote kisubiri mpaka tumbo lake likomae. Sisi hatufugi ng'ombe, kwa sababu mbung'o wa msituni wangewamaliza. Ng'ombe wa Waorma hupita hapo haraka, wakanywa, wakarudi zao mbugani. Mbuzi wa kijiji walikuwa wachache, na maziwa yao hayakujaza hata kikombe.

Basi akaja mwanamke wa ile nyumba yetu ya Kiorma. Tulikuwa rika moja. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na mdomo wake haukujua kunyamaza. Alifika na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, akakiweka chini, akanitazama kifuani bila haya.

"Wewe ng'ombe gani wewe?" akasema. "Kwetu ng'ombe hapana toa maziwa, sisi nauza."

"Nani atanunua?" nikamjibu.

"Kweli. Mfupa tupu." Akamchukua mtoto mapajani. "Haya, wacha wewe. Huyu toto yangu sasa. Kila siku mimi naleta."

Na kweli alileta kila asubuhi, kiangazi chote, ng'ombe wao walipokuwa karibu. Mtoto akanenepa mapaja yakawa na mikunjo. Yule rafiki alipenda kuingiza kidole katika ile mikunjo na kusema hii yangu, na hii yangu, na hii yangu, hapa yako hakuna kitu. Nilicheka, ila moyoni nilijua ni kweli. Mwanangu alikuwa hai kwa sababu njia ilikuwa wazi.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Kambi za mbali ambazo hatukuzizoea nazo zilikuja kwenye malka yetu, na ng'ombe waliokuwa na kiu hawakufuata njia. Waliingia mashambani pande zote mbili. Shamba la mahindi la baba mkwe, ambalo nililipalilia mwenyewe nikiwa na mimba, lilikwisha alasiri moja. Nakumbuka nilisimama pale nikitazama mabua yaliyolala, nikiwalaani ng'ombe na wenyewe. Kwa hiyo asije mtu akasema wazee wetu walikuwa wajinga. Walikuwa na haki yao. Baraza lilipokaa, wazee wa Kiorma walisema ng'ombe hana macho ya kuona mpaka, wakaomba wapewe muda, na mwisho wa muda fidia ikaja: ndama mmoja kiwete. Vijana wetu wakamzunguka yule ndama wakimtukana kama vile ndiye aliyeketi barazani.

Ndipo yakaanza maneno ya kujitoa. Mto ni wetu. Kwa nini tuamuliwe kesi zetu na watu wa mbugani? Maji tunawapa bure na mahindi yetu wanayala. Baba mkwe ndiye aliyesikilizwa zaidi, kwa sababu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye kupima maneno, na hasara yake ilijulikana. Aliposimama akasema, "Tufunge malka, kila mtu abaki na chake," hapakuwa tena na mjadala. Afisa wa Serikali alipoletewa habari alisema hayo ni mambo ya wazee, naye hataki kesi za ng'ombe.

Wanawake hatukuulizwa. Tulikuwa nyuma ya ukuta wa makuti tukipepeta. Mama mkwe peke yake alipaza sauti, "Na maziwa ya mtoto?"

Mwanamume mmoja akamjibu kwa kejeli, "Mtampa tui la nazi."

"Nazi ziko Kipini, huko pwani," akasema mama mkwe. Wanaume wakacheka, kikao kikaendelea.

Jioni ile nilijikaza nikamwendea baba mkwe. Kwetu mke wa mtoto hasemezani na mkwewe ovyo. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikamwambia, "Baba, mtoto hana chakula kingine."

Hakunikemea. Alisema, "Mama, najua. Nimelifikiria hilo. Garsen dukani kuna maziwa ya kopo, mume wako atakwenda. Na mahindi yakikomaa tutakuwa na kila kitu." Alisema kwa upole kiasi kwamba sikupata pa kushika. Angenifokea ningeweza angalau kumchukia.

Kufunga malka si kuweka miiba tu. Kuna kiapo. Wazee wa pande mbili hukutana mdomoni mwa njia na kijiti kibichi. Mmoja wa kwetu anashika ncha hii, mmoja wa kwao ncha ile, wanakivunja, kila mmoja anakwenda na kipande chake. Baba mkwe alishika upande wetu. Upande wao alishika mzee kutoka nyumba ile ile ya rafiki yangu, baba wa mumewe. Jumapili baba mkwe alikuwa wa Bwana, lakini siku ya baraza alikuwa wa babu zake, na ni yeye aliyeshikilia kwamba kiapo kiliwe, akihofia vijana watalegeza kamba. Wakasema pamoja, huyu kwa Kipokomo na yule kwa Kiorma: cha kwenu kisivuke, cha kwetu kisivuke, na kitakachovuka kimdhuru atakayekimeza. Kiapo hicho hakifunguliwi na mtu mwingine. Mikono ile ile iliyovunja ndiyo irudishe vipande pamoja.

Nilisikia neno "atakayekimeza" nikamkumbatia mwanangu. Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyekuwa akimeza chochote cha kwao kila siku.

Waliweka ua wa miiba mrefu kuziba malka. Na nitasema haki: ule mwaka mashamba yalistawi kuliko nilivyowahi kuona. Hakuna kwato, hakuna kesi, hakuna kulala shambani na kirungu. Mahindi yalisimama mpaka kwenye malka yenyewe, maana watu waliilima haraka haraka kabla hata kinyesi hakijakauka. Watu walimshukuru baba mkwe njiani. Wakati huo huo, mambo madogo madogo yakaanza kupungua. Samli ikaisha. Ndizi zikaivia mikononi mwetu, hatuna wa kumuuzia. Viboko, ambao zamani waliogopa wachungaji na mikuki yao, sasa walipanda nchi kavu jua likizama na kutembea shambani kama wenye mali. Watu waliyasema haya kwa kucheka. Ni gharama ya uhuru, walisema, tutazoea.

Mwanangu hakuzoea. Mume wangu alikwenda Garsen akapata makopo, na kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Kisha mvua ikanyesha huko bara kwenye milima, mto ukafura, barabara ya kutoka Malindi ikazama. Malori yakakwama, rafu za mwenye duka zikabaki tupu. Hii ndiyo tabia ya Tana: mto unajaa kwa mvua ya watu wengine, na mbuga yetu inabaki kavu, haijaona tone. Maji yalikuwa yakipita mbele ya mlango wangu mengi ya kutisha, na upande wa pili wa miiba ng'ombe walikuwa wakifa kwa kiu.

Nilimpa uji mwepesi wa mahindi yetu. Nilimpa ndizi niliyoiponda, na maji ya samaki. Tumbo likamwenda. Tukampeleka Ngao, wakamtibu, akapata nafuu kidogo, tukarudi, na nyumbani chakula kilikuwa kile kile. Mikunjo ya mapaja ikaisha mmoja mmoja. Majirani waliniletea kila walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho ni mahindi. Ghala la baba mkwe lilikuwa limejaa hadi kwenye paa. Nilikuwa nikipita karibu nalo nikitamani kulitia moto.

Asubuhi moja nikasikia naitwa kutoka kwenye miiba. Alikuwa yeye, rafiki yangu, na kibuyu mkononi. Alikuwa amekonda uso umebaki macho. Mama mkwe alinifuata nikiwa na mtoto mgongoni.

"Toto namna gani?" akauliza.

Nikageuka nikamwonyesha. Akanyoosha kidole kuelekea mapaja yake, kisha akakirudisha.

"Ng'ombe mbili tu natoa maziwa," akasema. "Hii mimi naficha. Mzee yangu hapana jua. Chukua."

Akapenyeza kibuyu katikati ya miiba, mkono ukachanika, hakuujali. Kikakaa pale ndani ya ua, si kwake, si kwangu. Nilisikia harufu ya ule moshi. Mtoto naye aliisikia, maana aliinua kichwa. Nikanyoosha mkono.

Mama mkwe akaushika. Alikuwa akilia. "Mwanangu," aliniambia, "si wewe utakayemeza. Ni yeye. Na aliyetamka ni babu yake mwenye jina lake."

Leo wajukuu zangu wakisikia haya wananitazama kama mpumbavu. Wanasema, bibi, si ungempa tu? Niliamini. Niliamini kwamba maziwa yale yatamuua, na niliona kwamba bila hayo atakufa, na nikasimama kati ya hayo mawili mkono wangu ukiwa umeshikwa na mtu anayempenda mtoto kama ninavyompenda mimi. Rafiki yangu hakunilazimisha. Naye aliamini.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Kiapo yetu sisi wote." Kisha akatazama mbugani. "Kesho sisi nahama. Visima nakauka. Nakwenda mbali sana, upande ya jua kutoka. Ng'ombe nakwisha."

Alikiacha kibuyu pale pale. Kesho yake maziwa yalikuwa yameganda na siafu wamejaa mdomoni mwa kibuyu.

Baba mkwe aliambiwa habari za kibuyu. Alikuja akaketi mlangoni pangu, akaomba apewe mtoto. Safari hii hakuuliza kama yeye mwingine amelala. Alimshika yule mtoto aliyekuwa mwepesi kama pamba, akamtazama miguu, akasema, "Mimi nilidhani nafunga njia ya ng'ombe." Aliinuka, akachomoa kipande chake cha kijiti kutoka kwenye makuti ya paa, akachukua fimbo na kibuyu cha maji, akaingia mbugani peke yake, mzee wa mvi, kumtafuta mwenye kipande cha pili.

Kuvunja kulitaka asubuhi moja. Walikuwa wote wawili hapo, mkono kwa mkono. Sasa mmoja alikuwa tayari kuunga, na mwenzake hayupo. Alikuta majivu baridi kwenye kambi. Alifuata nyayo mpaka upepo ukazifuta, akauliza kila mchungaji aliyemkuta, akaambiwa wamepita, wamepita zamani. Alirudi midomo imepasuka, kijiti bado kiko mkononi, akakuta watu wamekaa uani kwetu. Tulikuwa tumemzika mwanangu jana yake.

Nilitaka kukitupa kile kijiti motoni. Nilimnyang'anya kabisa mkononi, na hakunizuia. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, "Ukikichoma, njia haifunguki tena milele." Nikakirudisha. Hata hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Watu walikula mahindi, wadudu wakala yaliyobaki, na wale wale waliosema tutazoea wakaanza kusema labda tulikwenda mbio mno.

Waorma walirudi kiangazi kilichofuata, wachache, na yule mzee wao akiletwa juu ya punda. Naye alikuwa ametunza kipande chake. Wazee wawili waliketi mdomoni mwa malka, hakuna hata mmoja aliyemlaumu mwenzake, wakaunganisha kijiti na kukifunga kwa kamba ya gome. Kisha wakakubaliana jambo jipya: pande zote mbili za njia iwekwe miiba, kutoka mbugani hadi majini, ng'ombe wapite katikati wasione shamba. Ilikuwa kazi ya vijana wachache, na miiba ilikuwa ile ile iliyotumika kuziba. Nilisimama nikaitazama ikikokotwa kutoka hapa kuwekwa pale. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu.

Asubuhi iliyofuata nikasikia sauti yake kabla sijamwona, akicheka na watu njiani. Aliingia uani kwangu akiwa na kibuyu kipya, kikubwa karibu mara mbili ya kile cha zamani. Akakiweka chini, akajipangusa jasho, akaonyesha ule mwanya wake.

"Mimi nachonga kubwa," akasema. "Najua sasa toto kubwa. Iko wapi? Leta hapa, mimi naona mapaja."

Nilikiinua kile kibuyu. Kilikuwa kizito, na maziwa bado yalikuwa na uvuguvugu. Nikayanywa nimesimama, bila kupumua, mpaka akaelewa.